Damu ya Mzee Zege

Kwanza niseme wazi: kosa lilikuwa langu. Wengine watakuambia ni la Mzee Zege, na Mzee Zege mwenyewe mpaka leo anajipiga kifua kwamba ni lake, anavyopenda makuu. Lakini mrija uchi niliuondoa mimi, kwa mdomo wangu huu usio na breki, na hakuna aliyenishika mkono.

Kazi yetu ni hii. Mtu akiwekewa kitu kigeni mwilini pale damu inapopita, iwe vali, kile kilango cha moyo, iwe pampu, damu haikipendi. Inakizingira, inaganda juu yake, na bonge likimeguka likasafiri mpaka kwenye ubongo, ndiyo basi tena. Ndiyo maana wenye vali za chuma hunywa vidonge vya kuzuia damu isigande kila siku ya maisha yao. Sisi tunatafuta utando mwembamba wa kupaka juu ya chuma hicho, ili damu ipite zake bila kushtuka. Tuna vyumba vinne ghorofani, juu ya duka la vigae, na bosi wetu tunamwita Utelezi kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. "Iteleze, jamani," anasema, "tunataka utelezi." Ana shahada tatu na hajui funguo zake ziko wapi.

Mimi ndiye fundi wa vipimo. Napaka utando ndani ya mrija, nauunga ncha kwa ncha uwe duara, natia damu mbichi ya mtu, kisha nalizungusha duara kwenye maji ya uvuguvugu saa nzima. Baadaye nafungua, natoa bonge, naliweka kwenye mizani. Bonge kubwa, utando mbovu. Bonge dogo, afadhali. Siku hizo tulikuwa tumefika utando wa arobaini na moja na hatujapata hata mmoja wa kuringia.

Damu yenyewe tunatoa wenyewe kwa zamu, maana ikikaa haifai. Na katika watoaji wote, mfalme alikuwa mlinzi wetu wa getini. Mzee mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka limesimama, na damu yake inaganda upesi ajabu. Unamchoma sindano, ukigeuka kuchukua pamba, tundu limeshajiziba. Ndipo tukambandika jina la Zege. Akalipenda, akavimba kichwa. Mgeni akifika getini, kabla hajaulizwa anakwenda kwa nani, anaambiwa: "Humu ndani wanaishi kwa damu yangu."

Sasa mrija uchi. Kila jaribio lilitakiwa liwe na maduara mawili: moja la mrija uliopakwa, jingine la mrija usiopakwa kitu, tuliouita uchi. Damu ile ile, saa ile ile. Uchi ndiye shahidi. Ukiziba, unajua damu ni kali kweli, na kama mwenzake uliopakwa umebaki wazi, basi utando unastahili sifa. Lakini kwa damu ya Mzee Zege ule uchi uliziba siku zote, dakika ya kumi na tano, kumi na sita. Mara thelathini na zaidi! Nikachoka kuhangaika nao. Siku moja nikamwambia Utelezi, "Ya nini kumnyonya mzee wa watu damu maradufu, kuthibitisha jambo ambalo hata paka wa dukani analijua?"

Utelezi alikuwa anatafuta miwani yake. "Una hoja," akasema.

Basi, mrija uchi ukatoka. Na ile fomu ya maswali, ile inayouliza kama mtoaji amemeza aspirini, inayozuia damu kuganda, siku kumi zilizopita, nikawa namjazia mzee mwenyewe: hapana, hapana, hapana, mpaka chini. Aweke sahihi tu.

Haya, sasa nije kwa mdogo wangu, maana yeye ndiye habari yenyewe. Ni kitinda mimba wa mama yetu, ana miaka ishirini na tisa, anashona mapazia, na ulimi wake ni mkali kuliko mkasi wake. Utotoni aliugua homa ya viungo ikamharibia vali ya moyo. Mwaka ule daktari akasema vali ibadilishwe, haingoji. Akampa njia mbili. Vali ya chuma, inayodumu, lakini vidonge vyake vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Au vali inayoshonwa kwa nyama laini ya ng'ombe, isiyohitaji vidonge maisha yote, lakini inachakaa baada ya miaka kumi, kumi na mitano, halafu kifua kinapasuliwa upya.

Na mdogo wangu alitaka mtoto. Miaka sita ya ndoa alikuwa akimtaka, mpaka sisi ndugu tukawa tunaogopa kumpita na watoto wetu mbele yake. Na kupasuliwa mara mbili alikuwa hataki hata kusikia. "Nipasuliwe mara moja, nizae, nife nikiwa bibi," ndivyo alivyosema. "Ng'ombe simtaki."

Njia ya tatu ilikuwa sisi. Hospitali kubwa ilikubali kwamba utando wa arobaini na moja ukifaulu mtihani wa mwisho, wa damu ya binadamu, wagonjwa watano wa kwanza watawekewa vali ya chuma iliyopakwa, bila vidonge. Kondoo walishawekewa, wakapona, wakarudi kula majani, ila damu ya kondoo si ya mtu. Jina la mdogo wangu lilikuwa la tatu kwenye orodha, na daktari alitaka jibu Jumatatu.

Mtihani ukawa Alhamisi. Mzee Zege akapanda ngazi, akanyoosha mkono bila kuambiwa. Nikatoa damu, nikachomoa sindano, nikaweka pamba. Ikalowa. Nikaweka ya pili. Ikalowa. Ya tatu nikaikaza kwa bandeji.

"Vipi leo Mzee, zege limezidi maji?"

"Joto hilo," akasema, macho juu darini.

Nami nikapita! Nilikuwa na haraka. Nikimkumbuka yule mwanamke, ndiye mimi, aliyepita pale na pamba tatu zilizolowa mkononi, natamani kumzaba kofi.

Saa nzima Utelezi alizunguka chumba kuliko hata lile duara. Nilipofungua mrija, ulikuwa safi. Hamna bonge, hamna hata chembe. Mizani ikasoma sifuri. Nikaipiga kibao, ikasoma sifuri. Utelezi akanikumbatia, jambo ambalo hajalifanya kwa miaka tisa, akanikanyaga mguu, akaketi sakafuni akalia kama mtoto. Na mimi nikafanya ujinga wangu wa pili. Nikampigia simu mdogo wangu.

"Imepita!" nikapiga kelele. "Umesikia? Imepita!"

Nilisikia yowe, kisha kitu kizito kikianguka, kisha yowe tena. Kabla sijamaliza kuosha vyombo alikuwa ameshamwambia mumewe, mama mkwe wake, wateja wawili waliokuja kupima mapazia, na muuguzi wa daktari.

Ijumaa asubuhi nafika getini, namkuta Mzee Zege amenyoa ndevu. Kidevuni amebandika vipande vitatu vya karatasi, vyote vyekundu, na damu bado inachuruzika kwenye kola. Mkono niliomchoma jana umevilia damu, rangi ya zambarau kutoka kiwiko kwenda chini.

"Mzee, umemeza nini?"

"Chai."

"Mzee."

"Na mkate."

"Mzee Zege, naziheshimu mvi zako, lakini leo nitakuvua hiyo kofia mbele za watu. Umemeza nini?"

"Jana hukuniuliza," akasema. "Ungeniuliza ningekwambia. Mimi siongopi."

"Nakuuliza sasa."

Akavua kofia mwenyewe. Ndani yake kulikuwa na karatasi ya vidonge, vimebaki viwili. "Aspirini," akasema. "Viwili asubuhi, viwili jioni. Wiki nzima."

"Unaumwa?"

"Mimi? Tangu nizaliwe sijaumwa!" Akaniangalia kwa dharau, kisha akainamisha macho. "Mwanangu, ni yule mdogo wako. Siku ile alipokuja kukuona, ngazi zikamshinda, akakaa na mimi hapa kibandani. Anahema mpaka nikaogopa. Akaniambia habari zake zote, za mtoto na nini. Nikajiuliza, damu yangu hii imeshaangusha tando ngapi? Arobaini. Kila mara mnashuka ngazi hizo mmenuna, kwa ajili yangu. Sasa na binti huyu naye akose mtoto kwa ajili yangu? Nikasema hapana. Safari hii naipunguza makali."

Wewe ungefanyaje? Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja, tena kwa sauti, mpaka muuza vigae akatoka dukani kuangalia nani kafa. Mwanamume huyu amesikia hotuba yangu ya aspirini kwa miaka minane. Alijua hasa inachofanya. Ndiyo sababu aliimeza.

"Mzee, nisikilize," nikasema nilipopata pumzi. "Ule utando wanaupaka kwenye vali. Vali wanaitia kifuani mwake. Na vidonge hanywi, kwa sababu sisi tumesema havihitajiki. Na damu yake yeye haijapunguzwa makali."

Nilimwona akizunguka na hayo maneno taratibu, mpaka yakamfikia. Akatafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Itaganda," akasema.

"Hatujui. Hapo ndipo ubaya ulipo. Sasa hatujui kitu."

"Nimemuua mtoto wa watu."

"Hujamuua bado. Simama, twende juu."

Lakini kabla ya kwenda kwa Utelezi nilijifungia chooni dakika kumi, na sitaki kudanganya niliwaza nini humo. Niliwaza kwamba labda utando ni mzuri kweli. Labda hata bila aspirini ungepita. Nilisikia tena yowe la mdogo wangu kwenye simu, nikasema, Mungu wangu, kwa nini nimeangalia kidevu cha mzee huyu? Kisha nikanawa uso nikatoka, kwa sababu "labda" ni neno la kubashiri mvua, si la kutia kifuani mwa mtu.

Utelezi alikuwa anaandika ripoti, amefunga tai. Nikamweleza. Akavua miwani, akaivaa, akaivua.

"Aspirini kidogo labda haina..."

"Ishirini na nane, Bosi."

Akaivaa tena miwani. "Na mrija uchi ulisemaje?"

"Hatukuuweka."

"Kwa nini hatukuuweka?"

"Kwa sababu mimi nilisema hauna maana, na wewe ukasema nina hoja."

"Nilisema hivyo?"

"Ulikuwa unatafuta miwani."

Nilitegemea afoke. Nilishajiandaa kumwaga unga pale pale. Akafunga kompyuta tu, akavua tai. "Rudia leo. Maduara mawili." Akageuka akamwona Mzee Zege mlangoni amekumbatia kofia. "Na wewe mzee, asante kwa kusema kweli."

"Aliniuliza," akasema Mzee Zege.

Damu sasa itoke wapi? Mimi nilikuwa nimemeza dawa ya kichwa juzi yake. Mwenzetu wa kemia ni mjamzito. Mzee Zege, mpaka siku kumi zipite. Sote tukamtazama Utelezi, ambaye kwa miaka tisa, kila zamu yake ya kutoa damu ikifika, anakuwa na kikao.

"Mimi nina..." akaanza.

"Huna kikao," nikamwambia.

Nikamketisha, nikachukua fomu, nikamsomea maswali yote, moja moja, hadi lile la chini kabisa.

"Una mimba?"

"Hapana," akajibu kwa unyonge.

Akaiona sindano, akageuka rangi, akashuka kitini polepole mpaka sakafuni. Basi nikamtolea damu hapo hapo chini, Mzee Zege amemshikilia miguu juu na kumfariji: "Jikaze Bosi, jikaze, ni kidogo tu," na Bosi mwenyewe hayupo.

Mrija uchi ukaziba dakika ya kumi na tisa. Sijawahi kufurahia kitu kilichoharibika namna ile. Ilikuwa damu ya kweli, isiyo na huruma. Na ule wa arobaini na moja ukaendelea. Dakika ya thelathini, uko wazi. Arobaini, uko wazi. Utelezi amefufuka, anakunywa maji ya sukari, na Mzee Zege anauombea mrija kwa kunong'ona. Saa ikatimia, damu bado inapita. Nikafungua.

Palikuwa na bonge. Dogo, limejibanza kwenye kiungio, ukubwa wa punje ya dengu. Katika tando arobaini na moja hatujawahi kupata dogo kama hilo. Lakini kwenye ubongo dengu haipati pa kupita.

Utelezi aliinama akaliangalia. "Bado," akasema. "Tumekaribia, lakini bado." Akaandika hivyo hivyo kwa hospitali, mistari minne, akaweka sahihi mbele yangu. Nilimheshimu siku ile kuliko siku zote, pamoja na kuwa kiatu kimoja alikuwa hajakivaa.

Kwa mdogo wangu nilikwenda mchana ule ule. Nilimkuta chumba kimejaa vitambaa hadi mlangoni. Akaniangalia usoni mara moja, mguu ukasimama kwenye cherehani.

"Usiniambie."

"Nakuambia."

Nikamweleza yote: aspirini, mrija uchi, mimi na mdomo wangu, dengu. Akanitupia futi ya kupimia. Akanitupia kifuko cha pini, kikanipata bega.

"Dada, jana ulinipigia simu unashangilia kama umeolewa upya! Kwa nini hukungoja? Nimeshamwambia mama mkwe! Unajua maana ya kumwambia mama mkwe jambo, halafu umrudie?"

"Najua. Nisamehe."

"Sikusamehi!"

Akalia. Nami nikalia. Tulilia vizuri, kila mtu na pazia lake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Hicho kibonge. Kidogo vipi?"

Nikamwonyesha kwenye ncha ya kucha. Akaishika kucha yangu akaitazama.

"Na kingeweza kupanda kichwani kwangu."

"Kingeweza."

Akafuta macho kwa kitambaa cha mteja. "Huyo mzee wako yuko wapi?"

"Yuko nje. Amenifuata, anaogopa kuingia."

"Mwambie aingie ale matusi yake."

Mzee Zege akaingia, akasimama wima mbele ya cherehani, akatukanwa robo saa nzima bila kupepesa jicho. Kila akipumua mdogo wangu, mzee anasema, "Kweli kabisa, mwanangu, endelea." Mwisho maneno yakamwishia. Akamwangalia kile kidevu, akakata kipande cha pamba safi, akamfuta damu mwenyewe.

"Siku nyingine ukitaka kunisaidia, Mzee," akamwambia, "niache niumie kwa ukweli."

Jumatatu akamwambia daktari: ng'ombe.

Nilimwona siku ya nne baada ya kupasuliwa, walipomtoa chumba cha uangalizi. Bandeji kutoka shingoni kushuka, midomo imemkauka, mkono umejaa mipira. Nilikuwa nimejiapiza sitalia. Nilipomwona tu, nikaachia. Nikalia kwa ajili ya kifua kile ambacho siku moja watakifungua tena, na kwamba laiti ningekuwa na dengu moja pungufu wasingekifungua. Nikamwambia hivyo, kamasi zikinitoka. Nikamwambia nimemwangusha.

Alifumbua jicho moja.

"Dada, umemaliza?"

"Bado."

"Daktari anasema huyu ng'ombe atanipa miaka kumi. Nikibahatika, kumi na mitano." Akapumzika kidogo, maana kila neno lilikuwa linamuuma. "Mimi nikitoka hapa nakwenda kuzaa. Nitazaa, nitalea, nitashona. Kazi yangu naijua. Sasa watakapofungua tena hapa, nataka wakute kitu chako kiko tayari. Kisicho na dengu. Nimekupa miaka kumi kwa kifua changu mwenyewe, na siku nne umeshazitumia kunililia."

"Mdogo wangu..."

"Umekaa hapa unafanya nini? Nenda kazini."

Nikachukua mkoba wangu nikaondoka. Ilikuwa Jumapili, lakini nani angethubutu kumwambia.